Injini Safi, Msimbo wa Siri

Leo nimekuja na hasira kidogo, mtanivumilia. Wale mliozoea kupita hapa kusoma habari za Linux na lugha za programu, msikimbie. Habari ya leo ni ya injini, lakini mkifika katikati mtaona kwamba ni habari yetu sisi watu wa tarakilishi, pengine kuliko ya watu wa grisi.

Nilipokuwa mdogo baba alikuwa na Peugeot 504, na gari hilo lilikuwa na fundi wake pale Grogan, mzee mmoja mwenye sikio la ajabu. Gari likianza kuishiwa nguvu mlimani, mzee alilegeza nati ya distributa, akaizungusha kidogo tu kwa mkono huku injini inanguruma, akainamisha kichwa, akasikiliza. Akiridhika alikaza nati, akafuta mikono kwa kitambaa cheusi na kumwambia baba, "Taimingi imeingia. Jaribu sasa." Baba alilipa, tukaenda zetu. Mimi niliyesimama kando nilikuwa nimeona kila kitu.

Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi kijana. Alichomeka mashine chini ya usukani, akasoma nambari ya kosa, akaifuta, taa ikazima. Nikamuuliza tarakilishi ya gari imefikiaje uamuzi kwamba kuna kosa. Akacheka. "Bosi, hapo ndani sisi hatuingii. Tunasoma tu vile imesema."

Hapo ndani sisi hatuingii! Hilo ndilo lililonitia hasira, na kosa si lake.

Hoja yangu ni moja na nitaisema mapema ili msinitafute mwishoni. Katika injini za kisasa zinazosifiwa kuwa safi, usafi haumo katika chuma. Umo katika msimbo unaokadiria mafuta yatawaka lini. Msimbo huo ukiwa siri, usafi huo ni wa kuambiwa tu, na sisi tunaovuta moshi hatuna njia ya kujua kama tumeambiwa kweli.

Saa iliyoondolewa

Katika injini ya petroli ya kawaida, hewa na mafuta huchanganywa, pistoni huubana mchanganyiko, kisha plagi hutoa cheche. Cheche ndiyo saa. Katika dizeli hakuna cheche. Hewa peke yake hubanwa mpaka ikawa moto sana, kisha nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka. Hapo nozeli ndiyo saa. Katika zote mbili kuna kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole na kusema, hiki ndicho kinachoamua mafuta yawake lini.

Zote mbili zina uchafu wake. Moto ukiwa mkali mno, joto likipita takriban nyuzi 1,500 za Selsiasi, nitrojeni na oksijeni za hewani ambazo siku zote huishi pamoja bila kugusana huanza kuungana, zikazaa oksidi za nitrojeni. Hizo ndizo zinazowasha vifua vya watu mijini. Dizeli huongeza masizi juu yake, kwa sababu katikati ya ule mnyunyizo mafuta ni mengi na hewa ni haba.

Kuna njia ya tatu. Changanya hewa na mafuta mapema kama petroli, lakini mafuta yawe machache. Kisha bana kwa nguvu kama dizeli, mpaka mchanganyiko wote ujiwashe wenyewe, kila mahali karibu kwa wakati mmoja. Wahandisi huiita kwa kifupi HCCI. Joto halipandi hadi kiwango cha kuunganisha nitrojeni, na hakuna mahali palipojaa mafuta pa kutoa masizi. Tena inakula mafuta kidogo, karibu sawa na dizeli.

Si ndoto ya jana. Onishi na wenzake huko Japani walieleza mwako wa aina hii katika injini ya mapigo mawili mwaka 1979. Mwaka 1983, Najt na Foster wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliufanya katika injini ya mapigo manne. Mwaka 2007 General Motors ilionyesha magari ya majaribio ya Saturn Aura na Opel Vectra yenye injini hiyo. Lakini ilibidi tusubiri mpaka 2019 ndipo Mazda ilipouza injini yake ya Skyactiv-X, na hata hiyo imebaki na plagi. Cheche huwasha sehemu ndogo, shinikizo la sehemu hiyo likaibana iliyobaki, nayo ikajiwasha.

Kwa nini miaka 40? Kwa sababu saa imeondolewa. Hakuna cheche, hakuna nozeli ya kuamrisha. Mchanganyiko utawaka pale utakapopenda, kulingana na joto lake, shinikizo lake, aina ya mafuta, na moshi wa mzunguko uliopita uliobaki ndani ya silinda. Ukiwaka mapema mno, injini inagonga mpaka inaweza kuvunjika. Ukichelewa mno, mafuta hayaungui vizuri, na kinachotoka ekzosi ni kaboni monoksaidi na mafuta mabichi. Na nafasi yenyewe ni finyu: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, digrii moja ya mzunguko ni sehemu moja kati ya 18,000 za sekunde.

Basi kama huwezi kuamrisha, ufanyeje? Unakadiria. Unapiga hesabu kabla ya pistoni kufika juu: kwa joto hili, shinikizo hili na mafuta haya, moto utawaka digrii ya ngapi? Kisha unarekebisha valvu, hewa na mafuta ili jibu liwe lile unalolitaka. Hesabu hiyo ndiyo modeli, na modeli hiyo ndiyo imekuwa saa mpya.

Haba na haba

Msiogope, modeli yenyewe si uchawi. Mwaka 1955 Livengood na Wu wa chuo cha MIT walichapisha wazo ambalo kila Mswahili analijua tangu utotoni: haba na haba hujaza kibaba.

Kwa kila joto na shinikizo, mchanganyiko wa mafuta na hewa una muda wake wa kusubiri kabla ya kujiwasha. Lakini ndani ya silinda joto na shinikizo vinabadilika kila wakati, kwa hivyo huwezi kutumia muda mmoja. Walichosema ni hiki: gawanya safari ya pistoni vipande vidogo vidogo. Katika kila kipande, chukua muda uliopita, ugawanye kwa muda wa kusubiri wa hali ya wakati huo. Hicho ndicho kiasi cha haba kilichoingia kwenye kibaba. Endelea kujumlisha. Jumla ikifika 1, kibaba kimejaa na moto umewaka.

Kwa lugha yetu sisi watu wa programu:

kibaba = 0
kwa kila kipande cha mzunguko:
    pata joto na shinikizo
    kusubiri = hesabu ya muda wa kusubiri
    kibaba = kibaba + muda wa kipande / kusubiri
    kama kibaba kimefika 1: andika "imewaka", toka

Basi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika. Kazi ngumu imefichwa katika ule mstari wa "hesabu ya muda wa kusubiri", na hapo ndipo pa kutazama kwa makini.

Fomula moja inayotumika sana kwa petroli ni ya Douaud na Eyzat, waliyoichapisha mwaka 1978 walipokuwa wakichunguza injini zinazogonga. Ina vitu vitatu: okteni ya mafuta, shinikizo na joto. Si neno la mwisho kwa injini za HCCI, lakini inatosha kuonyesha mambo yanavyokwenda. Jioni moja niliiandika kwa Python nikaanza kuichezea.

Ukipandisha joto kutoka nyuzi 900 za Kelvini hadi 950, muda wa kusubiri unapungua kwa karibu asilimia 20. Ukibadilisha petroli ya okteni 91 kwa ya 95, muda unaongezeka kwa karibu asilimia 16. Halafu nikajiuliza, je, kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi?

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yake ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Kwa injini isiyo na turbo, hewa ikianza hafifu, hata ikibanwa hubaki hafifu kwa kiwango hicho hicho. Katika fomula ile shinikizo limewekewa kipeo cha 1.7. Weka 0.82, joto liache lilivyo, na muda wa kusubiri unaongezeka kwa karibu asilimia 40.

Asilimia 40! Gari ni lile lile, mafuta ni yale yale, dereva ni yule yule. Katika injini ambayo digrii chache tu ndizo zinazotenganisha safi na chafu, modeli iliyorekebishwa pwani bila kujali mwinuko inageuka kuwa ramli inapofika Mlolongo, na ukiendelea mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700, sijui uiite nini.

Najua mtakachosema: watengenezaji si wajinga, wana kihisio cha shinikizo la hewa na wameweka marekebisho. Naam, naamini wameweka. Swali langu ni dogo tu: nani ameyaona?

Sayansi ni wazi, bidhaa ni siri

Kinachoudhi ni kwamba sayansi yenyewe ni ya wazi kabisa. GRI-Mech 3.0, orodha ya kemia ya kuungua kwa gesi asilia, ina aina 53 za kemikali na mimenyuko 325, na yeyote anaweza kuipakua kutoka mtandaoni. Maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani imechapisha orodha ya isookteni yenye mimenyuko zaidi ya 3,000. Kuna Cantera, programu huria iliyoanzishwa na marehemu Profesa David Goodwin wa Caltech, ambayo inazitatua hesabu hizo zote kwenye kipakatalishi cha kawaida. Kuna OpenFOAM, huria tangu 2004, ya kuigiza hewa na moto vinavyozunguka ndani ya silinda. Mwanafunzi wa Juja au Eldoret aliye na mtandao anaweza kufanya kazi hii leo jioni.

Wanasayansi wamegawana, wamekosoana na kusahihishana hadharani, miaka 70 sasa. Kisha kampuni inachukua matunda hayo, inayapunguza yatoshee katika tarakilishi ndogo ya gari, inajaza namba zake kwenye majedwali, inayafungia ndani na kumwambia fundi wangu: hapo ndani huingii.

Mnataka mfano wa kinachotokea watu wakizuiwa kuingia? Tarehe 18 Septemba 2015, shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliishtaki Volkswagen hadharani. Magari yake ya dizeli yalikuwa na programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye kipimo. Iliangalia usukani, mwendo, muda ambao injini imekuwa ikifanya kazi, na hata shinikizo la hewa. Ikiona ni kipimo, inawasha vidhibiti vyote vya moshi. Ikiona ni barabara ya kweli, inavilegeza. Oksidi za nitrojeni zilizotoka barabarani zilifika hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kampuni ilikubali kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Hizo hazikuwa injini za HCCI. Zilikuwa dizeli za kawaida, zenye nozeli zake. Lakini angalieni vizuri: chuma hakikubadilika. Pistoni zile zile na ekzosi ile ile, asubuhi safi kwenye maabara, mchana chafu kwenye barabara kuu. Kilichobadilika ni tawi la "kama" ndani ya programu. Ikiwa injini yenye saa unayoweza kuionyesha kwa kidole ilichezewa hivyo, fikirini injini ambayo saa yake yote ni msimbo.

Na nani aliyewakamata? Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga vipimo nyuma ya magari wakayaendesha barabarani. Baadaye, Desemba 2015, mtaalamu wa programu Felix Domke alisimama mbele ya mkutano wa wadukuzi mjini Hamburg, Ujerumani, akaeleza jinsi alivyousoma msimbo wa gari la aina hiyo na alichokuta ndani. Hakuajiriwa na serikali yoyote kufanya kazi hiyo. Alikuwa mtu wetu, mtu wa programu.

Sasa sikieni hili. Miezi miwili tu kabla ya kashfa kulipuka, Julai 2015, EPA hiyo hiyo ilikuwa imeandika barua kupinga wananchi wa Marekani kuruhusiwa na sheria ya hakimiliki kufungua programu za magari yao. Sababu waliyoitoa ni kwamba watu watazichezea waongeze moshi. Aliyekuwa akizichezea alikuwa mtengenezaji mwenyewe! Oktoba mwaka huo ruhusa ilitolewa, na ikaanza kutumika mwaka 2016.

Majibu kwa wapinzani

Wa kwanza atasema: hii ni siri ya biashara. Ndugu yangu, siri ya biashara ni mapishi ya mtu anayeuza chakula ambacho anakila aliyekinunua. Moshi hauli aliyenunua gari peke yake. Anaula mama anayeuza mahindi kando ya barabara ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Mtu akiniwekea kitu mapafuni, nina haki ya kuuliza alikipimaje.

Wa pili atasema: mkifungua, vijana wa gereji watavuruga. Kusoma si kubadilisha. Sisi watu wa programu tulilitatua hilo zamani kwa sahihi za kidijitali: kila mtu anasoma msimbo, lakini gari halikubali msimbo usio na sahihi. Anayekuambia kwamba kuonyesha na kuruhusu kuharibu ni kitu kimoja, ama hajui kazi yake, ama anajua sana.

Wa tatu atasema: nani atakaa kusoma mistari yote hiyo? Si lazima nisome mimi. Inatosha kwamba mwalimu mmoja wa chuo kikuu au mwanafunzi mmoja mkaidi anaweza kusoma. Mwizi haogopi kwamba kila mtu anachungulia dirishani, anaogopa kwamba mtu yeyote anaweza kuchungulia.

Wa nne ataniambia nisijisumbue, magari ya umeme yanakuja. Yaje, nayapenda. Lakini sheria yetu inaruhusu kuagiza magari yaliyotumika ya hadi miaka minane, na yakishafika tunayaendesha mpaka yachoke. Injini za leo ziko nasi kwa miaka mingi, na malori na jenereta ndiyo kabisa. Tena hata betri ya gari la umeme inakuambia chaji iliyobaki kwa kukadiria, kwa modeli iliyofungiwa ndani. Tukizoea kutoingia leo, kesho tutakuwa nje vile vile.

Tudai nini?

Nadai mambo matatu, na yote yanawezekana.

1. Kila injini inayouzwa kwa jina la usafi ije na karatasi ya modeli yake: imerekebishwa kwa joto gani hadi gani, mwinuko gani hadi gani, mafuta gani hadi gani. Namba tu, nje ya siri.

2. Msimbo na majedwali yake viwekwe mikononi mwa mkaguzi wa serikali na vyuo vikuu, wavisome na waviendeshe dhidi ya modeli huria. Majibu yakipishana sana, mtengenezaji aeleze.

3. Tupime barabarani, na tupime kwetu. Hili la mwisho nalisisitiza. Baada ya kashfa ile, Ulaya ilianza mwaka 2017 kupima magari mapya ya Euro 6 barabarani. Ni hatua nzuri. Lakini kanuni hizo zilihesabu mwinuko wa hadi mita 700 kuwa hali ya kawaida, na mwisho kabisa mita 1,300. Nairobi iko juu ya hapo! Nakuru iko juu, Eldoret iko juu, Nyeri iko juu. Gari lililofaulu kipimo hicho halikulazimika kuthibitisha lolote kuhusu hewa ninayoivuta mimi ninapoandika haya. Hatukusahaulika kwa chuki. Hatukuwamo kwenye jedwali, na hakuna aliyeweza kuliona jedwali aseme hatumo.

Wenye kuipenda sayansi hii msinielewe vibaya. Naamini injini inayojiwasha bila cheche ni mojawapo ya mawazo bora yaliyowahi kuingia kwenye silinda, na modeli ya kibaba ni hesabu ya kupendeza. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki kuona wazo hilo likiuzwa ndani ya sanduku lililofungwa, halafu tuambiwe tushukuru.

Ule mzee wa Grogan angeweza kukosea, na mara nyingine alikosea. Lakini baba alikuwa amesimama pale, gari likirudi linagonga walijua wote wawili ni nati gani ya kulegeza.

Nawasilisha. Anayepinga alete hoja, nami nitamjibu. Na anayetaka ule msimbo wangu wa kibaba auchezee kwa mwinuko wa kijiji chao, aniambie, ni bure na ni huria. Alamsiki.